Kutoka Ofisini Hadi Jikoni: Namna ya Kuanza Kuuza Chakula cha Mchana Baada ya Kupunguzwa Kazini

Barua niliipata Ijumaa jioni, Mei 2020. Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya kusafirisha watalii. Ndege zilikuwa zimesimama kwa sababu ya Corona, wageni hakuna, na sisi kumi na mmoja tukaambiwa nafasi zetu hazipo tena. Jumatatu iliyofuata niliamka saa 11 alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikavaa, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda.

Mpaka leo nauza chakula cha mchana Dar es Salaam, jirani na gereji za magari. Mwongozo huu ni wa yule aliyepata barua yake wiki hii, anayejiambia: si najua kupika, basi nifungue mgahawa. Usifungue mgahawa. Anza na sufuria mbili, na hata hizo usizinunue kabla hujamaliza hatua tatu za mwanzo.

Hatua ya 1: Dai chako kabla siku hazijapita

Mtu akitoka kazini na uchungu hataki hata kupita mtaa ule. Naelewa kabisa. Lakini siku zinahesabiwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuwaondoa. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku zisizopungua 28, au alipwe badala yake. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo. Juu ya hapo kuna mshahara wa siku ulizokwisha kufanya kazi, likizo ambayo hukwenda, na cheti cha utumishi.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, lalamiko linafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara ambao hukulipwa, yana siku 60. Mwenzetu mmoja alikuja kushtuka baada ya miezi mitatu, akalazimika kwanza kuanza kuomba aongezewe muda kabla hata dai lake halijasikilizwa. Pita pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uulizie fao la kukosa ajira na uhakiki kama michango yako yote iliingia. Shughuli hizi zifanye asubuhi, wiki ya kwanza, ukiwa bado una mazoea ya kuamka saa ya kazi.

Hatua ya 2: Kiinua mgongo si mtaji

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Fedha inaingia kwa mkupuo, haijawahi kuwa nyingi namna hiyo mkononi, na kila mtu nyumbani anaiona kuwa ni mtaji. Kiinua mgongo ni mishahara yako ya miezi ijayo iliyolipwa mapema. Itoe kwanza kodi ya nyumba, chakula, ada na dawa za miezi minne au mitano. Weka mahali ambapo kuzitoa kunasumbua kidogo. Kinachobaki, chukua kiasi ambacho kikipotea chote watoto bado watakula. Hicho ndicho mtaji.

Wangu ulikuwa shilingi 180,000. Nilinunua sufuria mbili kubwa za mtumba, sahani ishirini, ndoo ya koki na chakula cha kupika siku ya kwanza. Jiko la gesi nilikuwa nalo nyumbani, benchi na meza niliazima kwa jirani. Mwenzangu mmoja wa ofisini alikodi fremu ya duka, akalipa miezi sita, akapaka rangi, akanunua friji na viti vya plastiki. Alikuwa mpishi mzuri kuliko mimi. Fremu ilimmaliza kabla wateja hawajamzoea, maana kodi hailali wala haingoji biashara ichangamke.

Kaa na mwenzi wako, au mtu mzima unayemwamini katika familia, mkubaliane kiasi cha mtaji mkiwa mmetulia. Mkiandike. Habari za kiinua mgongo husambaa, na shida za ndugu ni za kweli, si uongo. Ukiwa na namba iliyoandikwa utajua unachoweza kutoa na usichoweza, na utasema bila kugombana na mtu.

Na kuhusu aibu: ipo. Wiki za kwanza nilivaa kofia na kuinamisha uso kila gari nililolijua likipita. Kilichonitoa hapo ni wateja. Fundi aliyechafuka oili mpaka kwenye viwiko hakuulizi jana ulikuwa nani, anakuuliza, "Anti, leo hakuna dagaa?"

Hatua ya 3: Kaa pale uhesabu watu

Kabla ya kuchagua cha kupika, chagua watu. Nenda eneo unalolifikiria, ukae kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana, siku tatu tofauti: siku moja katikati ya wiki, moja Jumamosi, na moja mwisho wa mwezi. Chukua daftari. Andika watu wangapi wamekula, wamekula wapi, kwa bei gani, na wangapi wameondoka eneo hilo kwenda kula mbali. Hao wa mwisho ndio wateja wako.

Nilipokaa pale gereji niliona mama lishe wawili, wote wanauza wali. Mafundi walikuwa wanakula, ila wengi walikuwa wakivuka barabara kufuata ugali, kwa sababu mtu anayeinua injini anataka kitu kitakachomshikilia hadi jioni. Ningeanza na wali kwa kuwa ndio ninaoupika vizuri, ningegawana nao wateja walewale na kuanza uadui. Nilianza na ugali, dagaa na matembele, na wali maharage kidogo pembeni. Wale mama wawili nikawaendea siku ya kwanza, nikajitambulisha, nikawaambia nitakachouza. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha anakochukua mkaa.

Jambo la kupima mapema ni namna watu wanavyolipwa. Mafundi, bodaboda, wapiga debe na vibarua wa ujenzi hulipwa kila siku, hivyo wanakulipa kila siku, lakini mvua ikinyesha hawana kitu. Watu wa ofisini wana uhakika, ila kuanzia tarehe 15 wanaanza kusema "niandikie." Mwenye mtaji mdogo anahitaji fedha irudi leo ili kesho aende sokoni. Kwa hiyo anza na wa kulipa kila siku, hao wa ofisini wafuate ukishasimama.

Hatua ya 4: Jua sahani moja inakugharimu shilingi ngapi

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa uisome mara mbili. Miaka yangu ya kushika vitabu vya hesabu ilinisaidia hapa kuliko mapishi yoyote niliyofundishwa na mama.

Chukua mfano wa sahani 30 za wali maharage na mboga za majani. Bei nilizoweka ni za mfano, wewe weka za soko lako. Mchele kilo 4 na nusu, kwa kukadiria gramu 150 za mchele mkavu kila sahani: 12,600. Maharage kilo 2: 6,000. Mboga za majani: 3,000. Nazi tatu: 3,600. Mafuta nusu lita: 3,000. Nyanya, vitunguu, karoti na hoho: 5,000. Chumvi na viungo: 1,000. Hapo watu wengi huacha kuhesabu. Jumla ni 34,200, wanagawa kwa 30, wanaona kila sahani ni 1,140, wanauza 2,000 na wanafurahi.

Endelea. Mkaa au gesi: 4,000. Maji: 1,000. Nauli ya sokoni na bodaboda ya kubeba mzigo: 3,000. Sabuni na tishu: 1,000. Msaidizi wa kuosha vyombo na kugawa: 5,000. Sasa jumla ni 48,200. Kila sahani imekugharimu shilingi 1,607.

Ukiuza zote 30 kwa 2,000 unapata 60,000, zinabaki 11,800. Ukiuza 24, unapata 48,000, yaani umefanya kazi tangu alfajiri na bado una hasara ya shilingi 200. Sahani 24 za kwanza umewapikia muuza mchele, muuza mkaa, bodaboda na msaidizi wako. Faida yote imekaa kwenye zile sita za mwisho, zilezile ambazo hubaki kwenye sufuria ukikadiria vibaya.

Ndiyo maana nasema adui wa biashara hii ni kiporo. Punje za mchele zinazobaki ni faida yako iliyopikwa. Pika kwa kubana: afadhali saa 7 na nusu uwaambie wateja wawili "kimeisha, kesho wahini" kuliko kurudi nyumbani na sufuria nusu. Kila siku andika ulichopika, kilichobaki, hali ya hewa, na tarehe. Baada ya wiki sita daftari langu lilianza kunionyesha mambo ambayo kichwa kisingekumbuka: Jumatatu sahani 22 zinatosha, Ijumaa 38 hazitoshi, na siku ya mvua ya asubuhi toa theluthi.

Angalia sasa kinachotokea ukifika sahani 60. Viungo vinapanda mara mbili, 68,400. Lakini nauli ni ileile 3,000, msaidizi ni yuleyule 5,000, mkaa unapanda hadi kama 6,000, maji 2,000, sabuni 1,000. Jumla 85,400. Mauzo 120,000. Zinabaki 34,600, karibu mara tatu ya zile za mwanzo kwa sahani zilizoongezeka mara mbili tu. Kwa hiyo usihangaike kupandisha bei mapema. Hangaika kuongeza sahani zinazouzika zote.

Na upawa mmoja. Tafuta bakuli au upawa wa kipimo uutumie kwa kila mteja, hata kama ni rafiki. Mkono ukizidisha gramu 30 za mchele kwa kila sahani, kwa sahani 30 umegawa karibu kilo nzima bure. Ukoko toa bure, wanaupenda na umeshaulipia.

Hatua ya 5: Soko

Kwa Dar es Salaam, nafaka watu hufuata Tandale, ndizi Mabibo, samaki Feri, nyama na utumbo Vingunguti kwenye machinjio. Kariakoo kuna kila kitu, na msongamano wake. Usizunguke masoko yote. Nauli itakula unachookoa. Mwanzoni mimi nilinunua mchele na maharage ya wiki moja Tandale, mboga na nyanya nikachukua genge la jirani kila siku, hata kama zilizidi bei kidogo, kwa sababu nyanya zikioza nyumbani hasara ni kubwa kuliko tofauti ile.

Mchele ujaribu kabla ya kununua gunia. Nunua kilo moja, pika, pima. Kuna mchele wa bei rahisi ambao ni chenga nyingi, unashikana na kuonekana kidogo sahanini. Mchele mzuri wa Kyela unanukia mpaka barabarani, lakini ukiuweka kwenye sahani ya 2,000 hesabu zako zinakataa. Mimi huchanganya siku za Ijumaa tu.

Gesi: andika tarehe kwenye mtungi kwa kalamu ya rangi siku unapouwasha. Ukiisha, gawa bei yake kwa siku zilizopita. Fanya hivyo kwa gunia la mkaa pia. Hapo utajua kwa namba kipi ni nafuu kwako, badala ya kubishana na majirani. Kwangu maharage yanaiva kwa mkaa alfajiri, wali na mboga kwa gesi asubuhi.

Hatua ya 6: Chakula kisimuumize mtu

Mgonjwa mmoja wa tumbo anatosha kukufungia biashara, na kabla ya biashara kuna mtu mwenyewe, ambaye labda asipofanya kazi kesho nyumbani kwake hawali.

Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale uyamwage, kisha yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayotapisha. Wali watu huuamini sana kumbe una hatari yake: kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kanuni ni moja: chakula cha moto kikae cha moto, juu ya nyuzi joto 60, na kilichopoa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mimina maji yanayochemka kwenye hotpoti, funika dakika kumi, mwaga, ndipo uweke chakula. Kitakaa moto muda mrefu zaidi. Wali uliobaki mchana usimuuzie mtu kesho yake.

Kachumbari ndiyo huponza wengi, hasa msimu wa kipindupindu. Haipikwi, kwa hiyo maji ya kuoshea nyanya na vitunguu yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, na ubao wake usiwe ule uliokatia nyama. Tengeneza kidogo kidogo. Mkono unaopokea fedha usishike chakula. Msaidizi apokee, wewe ugawe. Weka ndoo ya koki na sabuni mbele, mahali mteja anapoipita kabla hajafika kwenye sufuria. Mwaka ule wa Corona nilioanza, ndoo hizo zilikuwa kila mlango wa duka; nyingi zimeondolewa, yangu ipo palepale.

Hatua ya 7: Karatasi

Anza na mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata, kabla hawajakujia. Afisa afya atakuelekeza kupima afya, wewe na msaidizi wako. Wanaoshika chakula hupima kila baada ya miezi sita. Namba ya mlipakodi, TIN, haiuzwi, hutolewa bure na TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa hiyo asikutoze mtu barabarani. Leseni uliza halmashauri yako, na eneo hakikisha linaruhusiwa, maana vibanda vilivyo kwenye hifadhi ya barabara ndivyo vya kwanza kuvunjwa.

Kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo huanza mauzo yakizidi milioni 4 kwa mwaka. Hiyo ni kama shilingi 11,000 kwa siku, yaani sahani sita tu zinakuvusha. Usijidanganye kwamba haikuhusu. Aliyetunza kumbukumbu hukadiriwa kwa mauzo yake. Asiye nazo hupangiwa kiwango. Lile daftari la sahani na viporo ndilo utakalolipeleka.

Hatua ya 8: Madeni, ya kutoa na ya kuchukua

Ukimkopesha mteja chakula mara nne bila kulipwa, unapoteza chakula na unampoteza na yeye, kwa kuwa ataanza kuzunguka njia nyingine ili asikupite. Mimi nina kikomo cha sahani tatu. Ya nne, namwambia kwa sauti ya chini, pembeni, si mbele ya wenzake: "Kaka, punguza kwanza." Wengi hulipa siku hiyohiyo. Lipa Namba, ile namba ya kulipwa kwa simu, niliiweka mwezi wa pili, na neno "sina chenji" likapungua sana.

Upande wa kuchukua mikopo nasema kwa moyo wangu wote: kaa mbali na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Anayekukopesha leo na kuanza kudai marejesho kesho hajali kwamba mvua imenyesha. Nimeona jirani yangu wa meza ya tatu akibebewa majiko na sufuria mbele ya wateja wake. Ukihitaji fedha, tafuta kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana, chenye watu unaowajua, au uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani. Mchakato wake ni mrefu, kwa hiyo anza kuunda kikundi kabla hujakwama. Mchezo wa kila siku, mnaochanga na kupokea kwa zamu, ukiwa na kijumbe (mkusanyaji) mwaminifu, nao hununua sufuria kubwa taratibu bila kumpigia mtu magoti.

Miezi mitatu ya kwanza

Mwezi wa kwanza usijilipe zaidi ya chakula cha nyumbani. Mwezi wa pili jilipe kiasi maalumu kila Jumamosi, hata 20,000, na fedha iliyobaki iite ya biashara, ikae kwenye laini tofauti ya simu. Wengi hufilisika mauzo yakiwa mazuri kwa sababu mtoto akihitaji daftari fedha inatoka kwenye kopo la mauzo, na kesho hakuna ya mchele.

Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu utakuwa na kurasa kama sabini za daftari. Zipitie. Kama siku nyingi unamaliza sufuria kabla ya saa 8, ongeza sahani kumi, si ishirini. Kama kila wiki una siku tatu au zaidi za viporo, badili chakula au eneo kabla ya kuongeza chochote. Na kama hesabu zinaonyesha hasara ukiwa umeshabadili vyote viwili, simama ukiwa bado na ile akiba ya nyumbani. Sufuria zinauzika. Mwenzangu yule wa fremu alianza upya mwaka uliofuata kwa kuuza chapati na supu alfajiri kwenye kituo cha daladala, kwa meza moja na jiko moja. Saa 3 asubuhi huwa ameshamaliza, anapita kwangu anakunywa chai, tunafungua madaftari yetu na kulinganisha bei ya unga.